Harufu inayomvuta nzi wa matunda siyo inayomfanya atage

Mkulima anatundika kwenye mwembe mtego wa methili yujenoli, kemikali inayotumiwa kama chambo cha harufu. Baada ya siku tatu anaukuta umejaa nzi, naye anaridhika kwamba dawa imefanya kazi. Wiki tatu baadaye anapasua embe na funza wamo, wengi kama msimu uliopita. Mtego haukuwa mbovu na dawa haikuwa feki. Waliokufa mle ndani walikuwa madume, na dume hatagi.

Tatizo ni kwamba neno "chambo" limebebeshwa mizigo mitatu. Nzi wa matunda hufuata harufu kwa sababu tatu tofauti: kutafuta mwenza, kutafuta chakula, na kutafuta mahali pa kutaga. Kila moja ina kemikali zake na ina nzi wake, yaani dume, jike mchanga, au jike mwenye mayai. Anayezichanganya atanunua kitu sahihi kwa kazi isiyo yake.

Nzi gani hasa?

Vijinzi vidogo vyenye macho mekundu vinavyoelea juu ya ndizi iliyoiva kupita kiasi ni Drosophila. Hivyo hutaga kwenye tunda linalochacha, kwa kuwa mabuu yake huishi kwa hamira na vimelea vya uchachu. Nzi anayetia funza embe zima lililo mtini ni wa familia nyingine kabisa, Tephritidae. Ni mkubwa karibu sawa na nzi wa nyumbani, mabawa yake yana michoro, na jike ana mrija mgumu wa kutagia unaopenya ganda. Ukiona vijinzi kwenye embe lililooza chini ya mti, jua hao wamekuja baada ya msiba.

Sayansi ya harufu imegawanyika hivyo hivyo. Mengi tunayoyajua kuhusu vipokezi vya harufu na njia za neva yametoka kwa Drosophila wa maabara, ilhali hasara ya shambani inaletwa na Tephritidae. Katika Afrika Mashariki wanaosumbua zaidi kwenye maembe ni wawili. Ceratitis cosyra ni mwenyeji, aliyezoea matunda ya porini kama ya mng'ongo. Bactrocera dorsalis ametoka Asia. Huyu alionekana Kenya mwaka 2003, mwaka 2005 akapewa jina la spishi mpya, Bactrocera invadens, kisha mwaka 2015 wataalamu wakakubaliana kwamba ni dorsalis yule yule. Vipeperushi vya zamani bado vina jina la invadens, basi usidhani ni mdudu wa tatu.

Harufu ya mwenza na harufu ya chakula

Methili yujenoli ni kemikali ya mimea, imo hata katika baadhi ya aina za mrehani. Dume wa dorsalis huilamba, mwili wake huibadilisha, na mazao yake huhifadhiwa kwenye tezi iliyo karibu na utumbo wa mwisho. Jioni, wakati wa kujamiiana, huyatoa kama manukato ya kumvutia jike. Kwa dume, basi, mtego ule ni duka la marashi. Jike hana haja nao.

Kuua madume kunaweza kusaidia, ila hesabu yake ni ngumu. Dume mmoja hupanda majike wengi, kwa hiyo ukiondoa nusu ya madume, nusu iliyobaki inatosha kwa majike wote. Lazima uwaondoe karibu wote, katika eneo pana, na hata hapo majike waliokwisha kupandwa huingia kutoka shamba la jirani. Jambo jingine linalopotosha ni kwamba Ceratitis cosyra haitikii methili yujenoli. Chambo cha madume wake ni asetati ya tapinili. Shamba lenye cosyra tupu litakuonyesha mtego usio na nzi huku embe zinaharibika.

Harufu ya chakula ni habari nyingine. Jike akitoka kwenye pupa hana mayai yaliyokomaa. Anahitaji protini kwa wiki moja hadi mbili, na huipata kwenye vinyesi vya ndege, utomvu, na bakteria walio juu ya majani. Ishara yake kuu ni amonia. Ndiyo sababu vidonge vya hamira ya torula hufanya kazi: vidonge 3 hadi 5 katika mililita 500 za maji ndani ya mtego wa kioevu. Hunasa majike na madume pamoja, wa spishi nyingi. Hushindwa kwa sababu za kawaida tu: maji yanakauka kwa jua, mvua inazimua, au kioevu kinaachwa wiki nyingi bila kubadilishwa.

Wengi hukosea kwenye muda. Jike akishashiba protini na mayai yakawa tayari, mvuto wa amonia hupungua na wa tunda hupanda. Mkulima anayeanza kupulizia chambo cha protini embe zikiwa karibu kuvunwa anakutana na majike waliokwisha kuvuka hatua hiyo. Chambo huanza mapema, matunda yakiwa bado machanga, mara moja kwa wiki hadi mavuno. Kiasi cha takriban mililita 50 huwekwa kwenye eneo la mita moja ya mraba la majani kwa kila mti. Puliza upande wa chini wa majani na usiguse matunda.

Jike mwenye mayai anaamua vipi

Kutaga ni mlolongo wa maswali, na jibu la "hapana" popote huukatisha. Kwanza harufu ya mbali: hapa pana tunda? Akikaribia, macho huchukua kazi: umbo la mviringo, rangi, ukubwa. Akitua, hutembea juu ya ganda akilionja kwa nywele za miguuni na kwa mdomo. Kisha anainamisha tumbo na kuchoma kwa mrija wa kutagia, ambao nao ncha yake ina vihisio vya ladha. Mayai hutoka baada ya hapo tu. Anaweza kuchoma mara nyingi asitage hata moja.

Harufu na ladha, kwa hiyo, zinaweza kutoa majibu yanayopingana juu ya kemikali ile ile. Mfano bora uko kwa Drosophila. Mwaka 2009 yalichapishwa majaribio ambamo majike walipewa chakula cha aina mbili, kimoja kikiwa na asidi ya asetiki, yaani ile ya siki. Walipumzika upande usio na siki, lakini walipotaka kutaga walivuka kwenda upande wenye siki, wakataga, kisha wakarudi. Pua ilisema "ondoka", ladha ikasema "watoto watapata chakula hapa". Anayehesabu nzi waliokaa mahali fulani na kudai amepima mahali wanapopenda kutaga amepima kitu kingine.

Upande wa pili kuna jiosmini, ile harufu ya udongo uliolowa mvua ya kwanza, inayotolewa na bakteria na baadhi ya kuvu. Mwaka 2012 ilionyeshwa kwamba Drosophila ana kipokezi kimoja, Or56a, kinachoitambua hiyo peke yake, na ishara yake hupita njia yake hadi kwenye ubongo bila kuchanganyika na harufu nyingine. Chakula kizuri chenye chembe ya jiosmini hukataliwa, hatagi wala hali, maana vimelea vyenye kuitoa vinaweza kutengeneza sumu. Sisi tunaiona harufu tamu ya masika, yeye anaiona kengele ya hatari.

Kwa Bactrocera dorsalis na embe, kemikali iliyochunguzwa vizuri ni gama-oktalaktoni. Ikiwa safi hunuka kama nazi. Utafiti uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba majike wenye mayai huitambua kwa kuzaliwa, bila kujifunza, na kwamba inatosha yenyewe kuwafanya watage hata pasipo embe. Harufu ya aina hii huongezeka tunda linapoelekea kuiva, na ndiyo maana embe lililopevuka likaachwa mtini wiki mbili zaidi hubeba hatari kubwa kuliko lile lililovunwa likiwa gumu. Embe changa lina ulinzi wake pia: ganda lake lina mifereji ya utomvu mkali, na mrija ukilitoboa, utomvu unaotoka chini ya msukumo unaweza kuyazamisha mayai. Ulinzi huo hulegea kadiri tunda linavyoiva.

Ganda la chungwa lina mtego wa namna hiyo kwa nzi. Mafuta yake ni sumu kwa mayai na mabuu machanga, hivyo yai likiachwa kwenye tabaka la mafuta hufa, na likifika kwenye sehemu nyeupe chini yake lina nafasi.

Alama ya "pamekaliwa"

Baada ya kutaga, majike wa spishi nyingi huacha alama ya kemikali inayowaambia wengine kwamba tunda lina wenyewe. Kazi hii iliwekwa wazi na Ronald Prokopy mwaka 1972 kwa nzi wa tofaa wa Marekani, Rhagoletis pomonella. Jike huburuta mrija wake juu ya ganda akiacha utando usioonekana, na anayefuata akiukanyaga huondoka. Kwa ndugu yake wa cheri wa Ulaya, Rhagoletis cerasi, kemikali yenyewe ilitambuliwa mwaka 1987: mnyororo wa asidi ya mafuta ulioshikanishwa na sukari upande mmoja na taurini upande wa pili. Cheri moja hulisha funza mmoja tu, basi mama atakayetaga juu ya yai la mwenzake anamtupa mtoto. Alama ina faida kwa aliyeiweka na kwa anayeisoma.

Hilo ndilo la kuuliza kabla ya kutumaini alama kwa nzi yeyote: tunda lake linatosha funza wangapi?

Kwa cosyra wetu, jibu lilitoka icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, mwaka 2017. Alama yake ni glutathioni, molekuli ndogo ya asidi-amino tatu iliyomo karibu katika kila seli ya mmea na mnyama, ikiwemo ya msomaji. Haikupatikana hasa kwenye mrija wa kutagia, ingawa mtu angetarajia hivyo. Kinyesi cha majike kilikuwa nayo mara 5 hadi 10 zaidi ya mrija au damu yao, na wingi wake ulikuwa mkubwa zaidi kwa majike wa wiki mbili. Glutathioni ya dukani ilipowekwa, majike wa cosyra walipunguza kutaga, na vivyo hivyo Ceratitis rosa, C. fasciventris, C. capitata na nzi wa matikiti, Zeugodacus cucurbitae. Kwa C. rosa ikatambuliwa alama ya asidi ya glutamiki, ambayo ni mojawapo ya zile tatu zinazounda glutathioni.

Bactrocera dorsalis hayumo kwenye orodha hiyo ya 2017, na si jambo la kupuuza, kwani ndiye mwenye nguvu zaidi katika maeneo mengi ya maembe. Embe moja kubwa hulisha makumi ya funza wake. Majike wake mara nyingi hutumia tundu lililokwisha kutobolewa, ama na mwenzao ama na jeraha la kawaida, kwa sababu kutoboa ni kazi na hatari. Alama ya "pamekaliwa" kwake mwanzoni ni karibu tangazo la "mlango uko wazi".

Hali hubadilika siku zinavyokwenda. Watafiti wa China walionyesha mwaka 2020 kwamba tunda lililotagwa muda mfupi uliopita huvutia majike wengine, kisha baadaye huwafukuza. Wanaobadilisha mambo ni bakteria walio juu ya ganda la mayai: uwepo wao hulifanya tunda litoe beta-kariofilini kwa wingi, na majike hukwepa harufu hiyo. Kwa hiyo swali "je, tunda lenye mayai linavuta au linafukuza?" halina jibu mpaka useme limetagwa lini.

Maji moto

Kuna alama nyingine ambayo wakulima wa pwani wanayo mtini bila kuinunua. Maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani, Oecophylla longinoda, huacha kemikali zao kila wanapopita. Majaribio yaliyofanyika Benin na kuchapishwa mwaka 2009 yalilinganisha embe zilizotembelewa na chungu hao na zisizotembelewa, chungu wenyewe wakiwa wameshaondolewa. Nzi walisita kutua kwenye zile za kwanza, na waliotua waliruka mapema bila kumaliza kutaga. Yaani chungu hulinda tunda hata akiwa hayupo. Gharama yake inajulikana na kila aliyewahi kupanda mwembe wenye maji moto, na pia chungu hao huwafuga vidukari na wadudu gamba kwa ajili ya utamu wao. Vuna asubuhi mapema kabla hawajachangamka, na punguza matawi yanayogusa miti jirani ili makoloni yasipigane.

Kupima kemikali bila kujidanganya

Ukitaka kujua kama kitu fulani kinazuia au kinachochea kutaga, huhitaji mashine. Unahitaji kizimba cha chandarua cha sentimita 30 kila upande, sindano ya pini, lenzi, na nzi unaojua umri wao.

Chukua majike 10 wa siku 15 hadi 20 waliokwisha kuchanganywa na madume, waliolishwa sukari na hamira iliyochanganuliwa kwa uwiano wa 3 kwa 1, na maji. Siku moja kabla wape kipande cha tunda watage, ili wasiingie kwenye jaribio wakiwa wamebanwa na mayai. Kata embe moja iliyoiva katikati kwa urefu, toa kokwa, kwangua nyama, ubaki na maganda mawili kama vikombe. Yote mawili yametoka tunda moja, hivyo ukomavu ni ule ule. Toboa kila kimoja matundu 20 kwa pini. Paka kimoja mililita 1 ya kemikali iliyoyeyushwa kwenye maji safi, kingine mililita 1 ya maji matupu. Acha vikauke nusu saa. Vifunike juu ya visahani, matundu yakiwa juu, pande mbili za kizimba. Viache saa 6 kuanzia asubuhi.

Kisha osha ndani ya kila kikombe juu ya kitambaa cheusi na uhesabu mayai. Ni meupe, membamba, ya takriban milimita moja. Toa mayai ya kikombe cha maji kwenye yale ya kikombe cha kemikali, ugawanye kwa jumla. Mayai 30 upande wa kemikali na 90 upande wa maji ni −60 kwa 120, yaani −0.5. Sifuri maana yake hakuna athari, −1 ni kuzuia kabisa. Rudia mara 10 ukibadilisha pande kila mara, na kila mara nzi wapya.

Hesabu pia michomo mipya kwenye ganda, usihesabu mayai peke yake. Michomo mingi na mayai machache inamaanisha nzi alikubali harufu akakataa ladha ndani. Michomo michache tangu mwanzo inamaanisha amekataa juu ya ganda au kabla ya kutua. Hizo ni dawa mbili tofauti kabisa shambani: ya kwanza inaacha tunda lenye makovu ambayo mnunuzi atayakataa hata kama hamna funza.

Yanayoharibu jaribio yanajulikana. Dirisha likiwa upande mmoja, nzi hukusanyika kwenye mwanga na wewe unaandika kwamba kemikali imefanya kazi. Glutathioni ikiachwa imeyeyushwa huharibiwa na hewa, kwa hiyo itengeneze siku ile ile. Ukitumia spiriti kuyeyushia na isikauke vizuri, unapima spiriti. Vidole vyenye maganda ya jaribio la jana huhamisha harufu. Nzi wa kizazi cha hamsini kwenye kizimba wamezoea kutaga kwenye plastiki na hawachagui tena kama wale wa shambani. Na ukiwanyima majike tunda kwa siku nyingi, watataga popote, hata kwenye kona ya chandarua, na kizuizi chochote kitaonekana dhaifu.

Shambani mambo haya yanakutana

Alama kama glutathioni haivuki hewa kama manukato, lazima nzi aiguse. Maana yake kila tunda lipakwe, na kwa kuwa huyeyuka kwenye maji, mvua moja inaisafisha. Waswisi waliiona shida hii kwenye cheri tangu miaka ya 1970. Kwa cosyra kwenye embe za msimu wa kiangazi ina nafasi. Kwa dorsalis katika mvua, hapana.

Kizuizi peke yake pia hakimuui nzi. Nzi aliyezuiwa huenda mti wa pili, na mti wa pili usipokuwepo, mayai yakijaa tumboni, uchaguzi wake hulegea kama wa yule wa kizimbani. Ndiyo sababu mti mmoja au safu ya pembeni huachwa bila kizuizi na kuwekewa chambo cha protini chenye sumu, ili anayekimbia apate pa kwenda na afie huko. Embe zilizoanguka ziokotwe mara mbili kwa wiki na kufukiwa angalau nusu mita, au zifungwe kwenye mfuko mweusi juani mpaka funza wafe. Ukiziacha chini, mabuu huingia ardhini sentimita chache tu, na baada ya siku kumi hivi majike wapya wanatoka, wenye njaa ya protini, wiki moja au mbili kabla ya kuanza kuifuata ile harufu ya nazi.